Bahasha Hagusi Njano

Kijiwe chetu ni benchi moja mbele ya karakana ya Msumari, fundi seremala. Mimi ndiye mmimina kahawa, tangu mama aanze kuumwa miguu nikaacha shule kidato cha pili. Pembeni kuna ubao mrefu alioutengeneza Msumari: unapanda, unanyooka, kisha unashuka, na hatua mbili za mwisho zimepakwa rangi ya njano. Mbwa wa mashindano lazima aikanyage njano kabla ya kushuka. Akiiruka, amekosa. Kaka yangu alipoondoka kwenda kazi ya mbali, alinikabidhi kamba ya Bahasha, mbwa mweusi mwenye kifua cheupe, akasema: "Akiikanyaga njano mara tatu mfululizo, nipigie. Nitarudi tumpeleke mashindanoni." Huu ni mwezi wa tisa tangu aondoke. Jioni ile Bahasha alipanda vizuri, nikamwambia "Kulia!" ili akishuka aende kwenye tairi la kurukia lililo upande huo, na yeye, kabla ya njano, akarukia kushoto.

— Penye miti hapana wajenzi, akasema Msumari. Mjenzi nipo, kwa hiyo kosa ni la mti.

— Kosa ni lako, akasema Mama Sindano, fundi cherehani. Umeweka ubao mwembamba kama uzi. Paka mchuzi wa samaki pale kwenye njano, uone kama hatatulia.

— Akitulia atalamba mpaka kesho. Mashindano ya kulamba hayo!

Profesa, fundi redio, akashusha kikombe.

— Nyie hamjasoma. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Sasa, mama yake mbwa huyu mmemtafuta?

— Tumtafute wapi, Profesa?

— Hilo si swali langu. Mimi naleta hoja tu.

Nikamrudisha Bahasha mwanzo wa ubao. Akapanda, akakimbia. "Kulia!" Akarukia kushoto tena.

— Mnaona? Profesa akasimama kabisa. Ni mawimbi! Redio zangu ziko kulia. Masikio ya mbwa yananasa stesheni zote kwa mpigo. Huyu anakimbia matangazo ya vifo!

— Basi zima redio zako.

— Nizime halafu nile nini?

Mama mmoja alikuwa amesimama mlangoni, amekuja kuchukua stuli yake. Nikamwamkia, nikampa kikombe.

— Marahaba, binti. Samahani, wazee, mimi mbwa siwajui. Naomba kuuliza tu.

— Uliza, dada, akasema Profesa. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Huyu binti, kila akisema "kulia", mbona yeye mwenyewe anageukia barabarani?

Msumari akaanza kutafuta penseli iliyokuwa sikioni mwake. Mama Sindano akaniangalia, halafu akaangalia chini.

Barabara iko kushoto. Ndiko kaka alikopungia mkono, akiwa na begi la bluu. Sikujua kwamba bado nageuka. Mdomo wangu ulikuwa unasema kulia, bega langu linasema kushoto, na Bahasha alikuwa anasikiliza bega.

Nikamrudisha. Safari hii niliipa barabara mgongo, macho nikayakaza kwenye tairi.

— Kulia.

Akashuka taratibu. Miguu ya mbele kwenye njano, ya nyuma kwenye njano, kisha akageuka kulia. Benchi likalipuka kwa kelele. Nikamrudisha, akafanya vilevile.

— Mbili! akapiga kelele Msumari. Bado moja! Simu iko wapi? Toa simu kabisa!

Nikainamisha birika kwenye kikombe cha Profesa. Yakatoka machicha.

— Kahawa imeisha, nikasema.

— Tunataka ya tatu, si kahawa!

— Kesho.

— Kesho kwa nini, mwanangu? Mama Sindano aliuliza polepole.

Nikakung'uta machicha chini. Akiikanyaga ya tatu lazima nipige simu, na nikipiga, kaka lazima aniambie kama anarudi au harudi.

Bahasha alikuwa amesharudi peke yake mwanzo wa ubao. Mkia unapiga mbao, ananisubiri nianze.