Mihogo Niliyoipanda Kichwa Chini

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na mlioketi mbele, asifiwe na ninyi mliosimama mlangoni kwa kukosa benchi!

Mimi ni Mama Luzia. Mnanijua kwa kuimba kwa sauti kubwa, na wengine mnanong'ona kwamba nawazidi. Lakini kuna wakati sikuimba kabisa. Tulikuwa tukikaa Afungi, karibu na bahari, kabla ya gesi kuonekana. Pale nilimzika mwanangu Luzia, aliyekufa kwa homa kabla hajaanza shule. Kila Jumamosi nilifagia kaburi lake, kisha nikateremka ufukweni kuokota kombe za baharini na kina mama wenzangu. Nilimlilia na kumshukuru Mungu, nikaendelea kuishi.

Gesi ilipopatikana, tukahamishwa. Tulipewa nyumba ya saruji yenye bati jipya na taa. Kaburi la mwanangu likabaki ndani ya uzio wa kampuni ya gesi, na kulifikia ni mpaka ruhusa. Ndugu zangu, nilivunjika! Nilisema moyoni kwamba Mungu naye amebaki kule ndani, kwa sababu kila nilipofumba macho niombe, niliona waya tu.

Nikawa mtu wa kulala mchana. Jua likiwa utosini najilaza mkekani, na ndoto ni ile ile: Luzia amesimama ng'ambo ya uzio, amejifunga kapulana yangu, kitambaa changu cha kujitanda, kifuani, viganja vimejaa kombe. Ananiangalia, hasemi. Namwita, sauti haitoki. Nikiamka, nyumba imejaa mwanga mweupe, wala sijui kama nimeamka kweli. Chakula sili, mume wangu simjibu.

Mvua za kwanza zikaja. Mume wangu akaniletea vijiti vya muhogo kutoka Pundanhar, akanisihi nikavipande. Nikaenda kwenye shamba letu jipya, nikavichomeka huku machozi yananitiririka, hata sioni mkono unafanya nini. Jirani yangu Bi Mwanaisha, Mwislamu wa hapa hapa pwani, alikuwa akipalilia upande wake. Akaja kutazama, akashika kiuno.

"Ee, Mama Luzia! Wewe mtoto wa Kimakonde, muhogo unaupanda kichwa chini? Machipukizi yote yanatazama kaburini!"

Kisha akauona uso wangu. Alinishika mkono akanirudisha nyumbani.

"Tuviache, dada," alisema. "Mola anajua kazi yake."

Nikaviacha, nikavisahau. Mihogo ya majirani ikaota yote, yangu kimya. Halafu asubuhi moja Bi Mwanaisha akaniita kwa kelele, nikadhani nyoka. Nikakimbia. Ndugu zangu, majani! Madogo, mekundu, yamesimama kando ya kijiti! Nikafukua udongo kwa vidole nione yalikopita. Chipukizi lilianzia chini, likitazama chini, kisha likageuka taratibu, likapanda kando ya kijiti mpaka likatoka nje. Hakuna mtu aliyeligeuza. Hakuna aliyelionyesha jua liko wapi!

Nikapiga magoti pale pale kwenye tope. Nikasema, "Baba, kumbe na huku upo! Kumbe hata chini ya udongo unaijua njia!" Sauti ikatoka, ndugu zangu, sauti yangu hii mnayoilalamikia! Bi Mwanaisha akalia pamoja nami, akasema amina yake na mimi nikasema yangu.

Sitawadanganya, uzio bado upo. Luzia bado namwota nikilala mchana. Lakini sasa nikimwita sauti inafika, naye anacheka, anageuka na kombe zake kuelekea kwenye mwanga, wala simwonei hofu.

Asante, Yesu! Nawe uliyekaa hapo umeinama, unayedhani Mungu amekuacha ulikotoka, mwamini. Yuko nawe hapo chini.

Mihogo yenyewe ilitoka midogo, imepinda, mtaicheka. Bi Mwanaisha ameipika kwa tui la nazi, naye anatungoja nje na sufuria. Tukimaliza kuomba, njooni mle.