Irja Lampinen, Mwanamke Aliyekataa Kufunga Ripoti

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Leo sitaanza na muziki. Leo nina hasira kidogo, na yule ninayemkumbuka asingependa niifiche.

Irja Lampinen amefariki. Alifariki Jumamosi iliyopita, mjini Hancock, akiwa na miaka sabini na tatu. Moyo ulisimama. Mdogo wake, Aune, alikuwa jikoni kwake akimchemshia kahawa. Ninarudia kwa aliyefungua redio sasa hivi: Irja Lampinen, wa Hancock, amefariki Jumamosi, miaka sabini na tatu.

Wengi wenu hamlijui jina lake. Lakini kama umewahi kuona wazimamoto wa kujitolea katika rasi yetu hii ya Keweenaw wakiacha chakula mezani na kukimbia, basi umeiona kazi yake. Zile simu zinazolia mifukoni mwao zote kwa pamoja zinalizwa na programu iitwayo Honi. Ni programu huria. Haina mwenyewe. Watu wa miji mingi wanaiandika kwa kujitolea, na kituo chochote cha zimamoto kinaichukua bure.

Irja hakuandika hata mstari mmoja wa Honi. Yeye alitunza ripoti za hitilafu. Mtu akiona Honi imekosea, anaandika ripoti. Irja ndiye aliyezisoma.

Kwa miaka ishirini na sita kabla ya hapo alipokea simu za dharura za wilaya. Ukipiga kusema baba yako ameanguka, aliyekujibu ni Irja. Alikuwa na sauti nzito, na swali lake la kwanza halikubadilika: "Uko wapi?" Aune ananiambia hata mumewe, marehemu Toivo, alipompigia siku moja kumwambia anampenda, alimjibu, "Sawa, lakini uko wapi?"

Mwaka wake wa mwisho kazini, wilaya ilianza kutumia Honi. Irja akaona saa za ujumbe zinakosea, zinachelewa saa nzima. Akaandika ripoti. Akajibiwa kwa maneno manne: "Kwetu inafanya kazi vizuri."

Wasikilizaji, Irja alikaa na jibu hilo siku mbili. Halafu akaandika: "Kwenu hakuna moto. Kwetu upo."

Waliirekebisha wiki hiyohiyo. Na baada ya kustaafu, wakamwomba ashike zile ripoti zote. Alizishika miaka tisa.

Sikiliza alivyofanya, maana hapa ndipo ugomvi wote ulipo. Kila ripoti ilisomwa na mtu. Kila aliyeandika alijibiwa na mtu mwenye jina, ndani ya wiki. Aliuliza: ulifanya nini, ulitarajia nini, ukaona nini? Ripoti mbili zikifanana, aliziunganisha na kuwaambia wote wawili. Ikiwa jambo halitarekebishwa, aliandika wazi, "Hatutarekebisha, na sababu ni hii," kisha akatia jina lake. Kama hujui mambo ya tovuti, ulimpigia simu naye akakuandikia. Mzee mmoja wa Wisconsin alimtumia ripoti zake kwa posta, kwa penseli. Zote ziliingizwa.

Na neno ambalo hakulikubali hata siku moja ni kwamba ripoti imezeeka. Alisema, "Maziwa yanazeeka. Kasoro haizeeki. Inakaa palepale inakusubiri."

Halafu akaja Desmond Farquhar.

Sitamsema vibaya Desmond. Yeye ni kijana wa Pittsburgh, mwandishi mzuri wa programu, na alichaguliwa kuongoza mradi kwa haki. Alikuta ripoti zaidi ya elfu mbili ziko wazi, na watu kumi na wawili tu wa kuzishughulikia. Watu walikuwa wanachoka. Wengine waliacha kabisa. Basi Desmond akaleta mashine. Roboti. Ripoti ikikaa siku sitini bila mtu kuigusa, roboti inaifunga yenyewe na kuandika: "Ripoti hii imefungwa kwa kukosa shughuli. Asante kwa mchango wako."

Walipiga kura. Saba walikubali, wawili walikataa. Irja alikuwa mmoja wa wale wawili.

Aune alikuwepo chumbani siku hiyo, dada yake akizungumza na Desmond kwenye kompyuta. Amenisimulia.

"Mama Irja, nielewe," Desmond alisema. "Vijana wanafungua orodha asubuhi wanaona elfu mbili. Wanakata tamaa kabla ya chai."

"Wewe unataka orodha fupi au programu nzuri?"

"Nataka watu wasikimbie!"

"Basi waambie ukweli. Andika: tumechoka, hatuwezi hii. Mtu mzima akiambiwa hivyo anaelewa, anatafuta njia nyingine. Lakini wewe unamwandikia 'imefungwa' na yeye anadhani imepona. Halafu unamshukuru! Unamshukuru kwa lipi, bwana mdogo? Kwa kunyamaza?"

Desmond alisema kura imeshapigwa. Irja alisema ameiona. Na kesho yake asubuhi akaanza kufungua tena, kwa mkono, kila ripoti ambayo roboti ilikuwa imeifunga.

Roboti inafunga. Irja anafungua. Roboti inafunga. Irja anafungua. Wasikilizaji, alifanya hivyo kuanzia Agosti hadi Januari, akianza na za zamani, na ripoti mpya zikawa zinafungwa kabla hajazifikia. Walimwandikia aache. Akawajibu kwa heshima kwamba hataacha. Mwishoni mwa Januari wakamwondolea ruhusa. Miaka tisa ya kazi, na sasa hawezi hata kubofya.

"Nilimwambia, dada, sasa pumzika," Aune anasema. "Theluji imefika dirishani, una mjukuu, una sauna yako ya kujipasha joto. Akaniangalia kama nimetukana. Akasema, 'Wamechukua funguo za kabati. Anwani za watu hawajachukua.'"

Akaanza kuandika barua pepe, moja moja. Kufikia hapo roboti ilikuwa imefunga ripoti elfu mbili mia tatu na kumi na saba. Ninarudia: elfu mbili mia tatu na kumi na saba. Irja aliandika arobaini kila siku, kuanzia zile za zamani kabisa. Kila barua ilisema: "Ripoti yako imefungwa na mashine. Hakuna aliyeisoma. Hitilafu yako haijarekebishwa. Usiitegemee Honi mahali hapo mpaka usikie kutoka kwa mtu."

Sasa nisikilizeni vizuri, maana ninayoyasema sasa niliyaona mwenyewe.

Mimi ni mzimamoto wa kujitolea wa kijiji cha Pelto, maili arobaini kutoka kwa Irja. Mkuu wetu ni Waino Heikkila. Mwaka uliotangulia, wilaya ilirudisha nukta za juu ya herufi kwenye majina ya njia zetu, yaandikwe kama babu zetu walivyoyaandika katika lugha yao. Tulifurahi. Tulipiga picha na vibao vipya. Lakini Honi ilipokutana na herufi yenye nukta mbili juu, ilimeza ujumbe wote. Hailalamiki, haisemi imeshindwa. Inanyamaza tu.

Waino aligundua siku ya mazoezi. Alituma wito wa majaribio kwenda Njia ya Kärki. Hakuna simu iliyolia. Akaandika ripoti. Siku sitini zikapita, roboti ikaifunga. Akaandika tena. Ikafungwa. Akaandika mara ya tatu. Ikafungwa. Hapo akamwambia msichana wa zamu pale wilayani awe anaandika majina bila nukta, akaona yamekwisha.

Jumanne moja ya Machi, saa sita mchana, yule msichana alikuwa ameugua. Mwenzake aliyeshika zamu hakujua lolote. Nyumba ya Orville Saari, Njia ya Kärki, ilishika moto kutoka kwenye bomba la jiko la kuni. Orville alipiga simu. Yule wa zamu aliandika jina la njia vizuri kabisa, nukta zote mbili mahali pake, akatuma.

Mimi nilikuwa kwa muuza mikate, nakula nisu, ule mkate mtamu wa kwetu, simu ipo mezani mbele yangu. Wenzangu watatu walikuwa meza hiyohiyo. Simu nne. Kimya. Tulikuwa tunabishana kuhusu mpira wa magongo wa barafuni. Tuliona moshi dirishani kabla ya kusikia chochote, na dakika kumi na tisa zilikuwa zimeshapita.

Orville hakufa. Alirudi ndani kumtoa mbwa wake, na mikono yote miwili ikaungua mpaka kwenye viwiko. Nyumba iliisha. Alizaliwa humo.

Irja alisoma habari hiyo gazetini Alhamisi, akaliona jina la njia na nukta zake. Akaingia kwenye ripoti zilizofungwa, akatafuta neno "nukta". Zikatoka tatu. Mwandishi alijiita tu "Kituo Namba Nne", ndiyo maana Irja hakujua ni jirani yake. Kwenye orodha yake ya barua, Waino alikuwa wa elfu mbili mia moja na kitu. Irja alikuwa amefika elfu moja mia tatu.

Aune anasema ndiyo mara pekee aliyomwona dada yake akilia mchana kweupe. "Alikuwa anasema, nilianza na za zamani. Ningeanza na za karibu. Ningeanza na za karibu."

Ijumaa yeye na Aune walikuja Pelto. Mimi nilikuwepo kituoni. Alishuka mwanamke mfupi mwenye buti za mvuvi, akamwendea Waino moja kwa moja.

"Wewe ndiye Kituo Namba Nne?"

"Ndiye. Wewe nani?"

"Mimi ni mtu ambaye alipaswa kukujibu."

Waino akasema, taratibu, "Mama, mimi niliwaambia mara tatu."

"Najua. Nimezisoma zote tatu. Umeandika vizuri kuliko wahandisi."

Akamwomba aje naye kwenye mkutano. Mkutano wa mradi ulikuwa Jumapili, kwenye kompyuta, watu wa miji tisa. Tulikaa wanne kituoni mbele ya kioo kimoja: Irja, Waino, mimi, na Orville aliyetoka hospitali siku hiyohiyo, mikono imefungwa bandeji kama ameshika mito miwili.

Desmond alisema Irja hana tena ruhusa, lakini kama mgeni ana dakika mbili. Irja akasema moja inatosha. Akasoma ripoti ya kwanza ya Waino. "Nilituma wito Njia ya Kärki. Nilitarajia simu kumi na moja zilie. Haikulia hata moja. Nikiondoa nukta zinalia. Tafadhali angalieni, maana kuna familia sita zinazoishi njia hiyo." Akasema, "Sasa nasoma jibu letu." Akasoma: "Ripoti hii imefungwa kwa kukosa shughuli. Asante kwa mchango wako."

Akahama kiti ili Orville aonekane.

Orville si msemaji. Alisema tu, "Mimi niko hai, ninashukuru. Ila ningependa kujua, shughuli iliyokosekana ilikuwa ya nani?"

Mwanamke mmoja wa Manitoba alikuwa ameshaanza kuichunguza ile hitilafu tukiongea. Aliirekebisha kabla jua halijazama. Mistari minne, wasikilizaji. Mistari minne tu ya programu.

Wakapiga kura tena. Sita dhidi ya watatu, roboti ikaondolewa. Irja akarudishiwa ruhusa, na utaratibu wake ukaandikwa kuwa kanuni ya mradi: hakuna ripoti inayofungwa ila na mtu, kwa sababu, na kwa jina.

Desmond alipiga kura upande wa wale sita. Lakini alisema, na ninampa heshima kwa kusema, "Mama Irja, bado naamini tutachoka."

"Chokeni," Irja akamjibu. "Sijawakataza kuchoka. Semeni tu kwamba mmechoka, mkimtazama mtu usoni."

Hayo yalikuwa miaka minne iliyopita. Waino, ambaye alikuwa hajui kutuma hata picha, alijiunga kumsaidia kujibu ripoti. Sasa anasaidiwa na wazimamoto kumi na saba kutoka wilaya mbalimbali, watu wasiojua kuandika programu, lakini wanajua kuuliza. Vijana wa programu wanasema kazi imekuwa nyepesi, kwa kuwa ripoti inayowafikia imeshasomwa na mtu aliyewahi kushika mpira wa maji. Desmond alisafiri kuja mazishini. Alibeba jeneza, upande wa kushoto, mbele yangu.

Wapo wanaonung'unika hata sasa. Jana tu nimesoma mtu anasema mradi wenye ripoti nyingi wazi unaonekana kama nyumba chafu, na labda sasa, kwa kuwa bibi hayupo, roboti irudi. Nimemjibu kwa jina langu. Nimemwambia tupo. Ajaribu.

Kwa Aune, kwa watoto, kwa mjukuu, na kwa wote waliokunywa kahawa jikoni mwa Irja: poleni sana. Kituo hiki kinalia pamoja nanyi. Mungu ampumzishe, kama yeye mwenyewe atakubali kupumzika.

Na wewe unayenisikiliza, fikiri leo. Nani amekuambia jambo lisilo sawa, ukasubiri tu mpaka achoke kulisema? Mjibu. Hata kama jibu ni hapana, mjibu.

Asubuhi ya mazishi niliangalia orodha ya Honi. Irja Lampinen ameondoka duniani akiacha ripoti elfu moja mia tisa na nne ziko wazi. Kila moja ina jibu la mtu chini yake. Na hakuwahi kuzionea aibu.