Upande wa Nne wa Mnara: Maisha ya Ubaldo Ciarrocchi

Marehemu Ubaldo Ciarrocchi alizaliwa tarehe 11 Februari 1938 kijijini Roccamerla, nyumba ya tatu kutoka Lango la Chini, mtoto wa mwisho wa Settimio na Assunta, ambao wote wametangulia.

Alisoma hapa hapa hadi darasa la tano. Historia ya kijiji aliipenda kuliko hesabu. Alikuwa akimsimamisha mgeni mbele ya ukuta wa kale na kumsimulia jinsi ulivyozingirwa na maadui, mpaka mgeni akaumwa njaa. Alidai picha ya Mtakatifu Emidio kanisani kwetu inaipita ya Montefalda, ng'ambo ya bonde, ingawa hiyo ya Montefalda hakuwahi kuingia kuitazama.

Mwaka 1959 alirithi kwa baba yake kazi ya kutunza saa ya mnara. Kila asubuhi alipanda ngazi tisini na nne kuitia ufunguo. Mnara una pande nne, lakini saa ilionekana pande tatu tu. Upande unaotazama Montefalda wazee waliuacha mtupu makusudi, wale wasipate saa ya bure.

Tarehe 22 Septemba 1963 alimwoa Iolanda, binti wa Montefalda hiyo hiyo. Familia haioni haja ya kuficha: marehemu alikuwa na wivu. Kabla yake, Iolanda alichumbiwa na Nazzareno, mwoka mikate wa kwao, na Iolanda akisifia mkate wa kwao tu, mumewe alinuna mpaka jioni. Mwaka 1974 halmashauri ilipotaka kuweka saa upande wa nne, aliruka juu mkutanoni.

"Yule mwoka mikate ajue saa kwa jasho langu? Hapati! Aangalie jua kama kuku!"

"Baba Loredana, mwenzio ana watoto sita," Bi. Iolanda akamjibu mbele ya watu. "Hiyo nafasi ya kukuwaza wewe anaitoa wapi?"

Upande ule ukabaki mtupu.

Novemba 2021 alipatwa na kiharusi, na ngazi za vichochoro vyetu zikamshinda. Binti yake Loredana, aliyeolewa Montefalda na Fausto, mtoto wa Nazzareno yuleyule, alimchukua kwake. Kitanda kiliwekwa dirishani. Kila alipofumbua macho aliuona mnara wake, upande mtupu, akawaonea wivu majirani zake wa zamani. Nazzareno alimletea mkate wa moto kila asubuhi.

"Ubaldo, saa ngapi huko kwenu?"

"Nitokee hapa!"

"Sasa nitajuaje, mwenzangu? Niangalie jua?"

Aprili mwaka huu alimwita mpwa wake Elvio, anayetunza saa sasa. "Weka upande wa nne."

"Mjomba, si wa huku nao wataiona?"

"Najua. Weka."

Iliwekwa Jumamosi, tarehe 11 Mei 2024. Nazzareno alimwinua mgongo ili aone. Marehemu alitazama kwa muda mrefu, akasema, "Imechelewa dakika mbili." Elvio akapigiwa simu, akairekebisha.

Alifariki Jumanne, tarehe 14 Mei, saa tatu na dakika kumi asubuhi. Mkewe na binti yake walikuwa wakilia. Aliyeisoma saa hiyo dirishani ni Nazzareno.

Ameacha mke, Iolanda, binti, Loredana, mkwe, Fausto, wajukuu wawili na mpwa, Elvio. Nazzareno ameomba naye aandikwe. Bi. Iolanda amekubali, ila awe wa mwisho, maana marehemu angenuna.

Alale salama. Saa yake haijachelewa.