Hezroni Mgonja na Kura Aliyomkabidhi Mdogo Wake

Wachungaji, wazee wa kanisa, wajomba mliotoka Mamba, nanyi ndugu mliokuja kwa lori kutoka kambi ya mkonge: huu ni wasifu wa Hezroni Mgonja, tunayemzika leo Jumanne, tarehe 16 Mei 1961, hapa nyumbani kwake Myamba. Anayeusoma ni mdogo wake, Zebedayo, ambaye humu anatajwa kwa jina kama mtu mwingine yeyote. Ndivyo wasifu unavyoandikwa. Tena yapo mambo humu ambayo asingeweza kuyatamka kwa kusema "mimi". Nakala mlizo nazo mikononi zilipigwa taipu na mwalimu Elirehema. Zipo sehemu ambazo hazimo humo, kwa kuwa ziliandikwa kwa mkono jana alasiri, baada ya taipu kufungwa. Mwenye kufuatilia kwa kidole atapotea kidogo, avumilie.

Marehemu alikuwa mtoto wa kwanza wa mzee Sefania Mgonja na mama Ruthi. Mwaka wa kuzaliwa haukuandikwa popote. Mama alikuwa akisema ni wakati Wajerumani walipokuwa wakipitisha reli huko Same, nasi tumekadiria 1910. Alibatizwa Jumapili ya Pasaka, tarehe 4 Aprili 1920. Kati yake na Zebedayo walizaliwa watoto watatu, na hakubaki hata mmoja. Kwa hiyo Zebedayo alipozaliwa mwaka 1924, kaka yake, kijana wa miaka kumi na minne, alimbeba mgongoni kutwa nzima kama yaya. Wenzake walimcheka. Akawajibu, "Chekeni tu. Huyu akikua atanisomea barua."

Shule alisoma majuma sita. Alianza Januari 1927, akiwa mkubwa kama wengi wa wakati ule, na kabla ya Februari kwisha baba akafariki. Hezroni akavua shati la shule, akampa mama alikunje, akashuka tambarare kutafuta kazi. Shati hilo mama alilipunguza kwa sindano, na mwaka 1934 Zebedayo akaanza nalo darasa la kwanza. Alisoma hadi darasa la nane, akamaliza Desemba 1941. Viatu vyake vya kwanza vilinunuliwa na kaka yake, ambaye wakati huo alikuwa bado akitembea peku.

Kuanzia 1927 hadi 1959 marehemu alikata mkonge katika shamba moja kandokando ya reli, si mbali na Same. Asiyeijua kazi hiyo ajue kwamba jani la mkonge lina mwiba nchani, na mkataji huinama na panga juu ya miiba hiyo tangu umande haujakauka. Mwaka 1942 shamba hilohilo lilimwajiri Zebedayo kuwa karani. Kila jioni wakataji walipanga mstari mbele ya dirisha lake, awawekee alama ya siku kwenye kipande, ile kadi ya kazi. Hezroni alisimama mstarini kama wenzake na hakuwahi kupita mbele. Alipofika dirishani alivua kofia na kusema kwa sauti ya kusikika nyuma kabisa, "Shikamoo, karani!" Mstari mzima ulivunjika mbavu, mkubwa kumwamkia mdogo wake aliyembeba mgongoni. Zebedayo aliinamisha uso kwenye kadi. Leo angetoa chochote kuamkiwa hivyo mara moja tena.

Mwaka 1945, Wapare walipoikataa kodi ya mbiru na kushuka kwa zamu kwenda kukaa nje ya boma la Same, marehemu alikuwa miongoni mwa waliokaa. Alilala chini, akala alichopelekewa na kina mama kutoka mlimani. Zebedayo alibaki dirishani pake. Hakuna aliyemlaumu, wala kaka yake hakumlaumu.

Marehemu alifunga ndoa na Eliwaza, binti wa mzee Simeoni wa Mamba, tarehe 20 Juni 1936. Siku ya kuposa aliulizwa na mkwewe ana nini cha kumpa binti. Akanyoosha mikono yote miwili, imejaa makovu ya miiba. Mzee Simeoni akaitazama, akasema, "Basi hii haijawahi kulala bure," akakubali. Walijaliwa watoto wanne, na mmoja alitangulia akiwa mchanga.

Sasa jambo ambalo wengi wenu mlimjua nalo, maana aliwachosha nalo. Tangu vyama vya siasa vilipofika huku kwetu, marehemu alikuwa na swali moja: chama gani kinamfaa mtu wa panga? Hakuuliza chama gani kina watu wengi, au kipi kina gari. Desemba 1957 alikuwa likizo hapa Myamba, na baragumu likapigwa kuita watu kwenye msaragambo, kazi ya pamoja, wa kuzoa tope la ndiva, bwawa letu la kukusanyia maji ya mfereji. Siku hiyo walikuwepo wageni wawili. Mmoja alikuwa bwana mstaarabu wa UTP, chama kilichotaka rangi zote zitawale pamoja. Wa pili alikuwa Mbaraka, fundi cherehani wa Same, ambaye yuko hapa leo, mtu wa TANU. Hezroni, tope limemfika magotini, aliwauliza wote wawili swali lake.

Yule bwana akajibu kwamba nchi ikitulia wenye mitaji watakuja, kazi zitaongezeka, na hali ya mfanyakazi itafuata. Mbaraka akajibu kwamba uhuru ndio wa kwanza, mengine yatafuata.

"Wote mmesema yatafuata," Hezroni akasema. "Mimi na hawa wenzangu ndio tumekuwa wa kufuata tangu tulipozaliwa. Haya, ingieni humu, tuzungumze vizuri."

Yule bwana alikuwa na mguu mbovu. Aliomba radhi kwa adabu na akatoa sukari ya chai ya watu wote. Mbaraka alikunja suruali, akaingia, akapoteza kiatu kimoja humo, na akazoa tope mpaka jua likawa utosini. Zebedayo alikuwa ukingoni, ameshika makoti ya watu. Alikuwa amevaa viatu.

Jioni Hezroni alisema, "Mbaraka bado hajanijibu. Lakini huyu nitamwuliza tena, maana najua nitampata wapi. Kura yangu nampa mtu wa chama chake."

Baada ya mwaka mpya mwalimu Elirehema alimsomea masharti. Mpiga kura awe amesoma darasa la nane, au mapato yake ya mwaka yafike pauni mia na hamsini, au awe na cheo kilichotajwa. Hezroni alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo mimi?"

"Wewe hapana, kaka Hezroni. Wala mkataji yeyote."

Hezroni akacheka, akaweka mkono begani kwa Zebedayo. "Basi haina neno. Kura yangu niliipeleka shule."

Aliporudi kambini aliwaambia wenzake, nao wakalishika neno hilo. Wanaume arobaini na kitu, waliokuwa wamebishana mwaka mzima nani atawatetea, wakawa wanamwita Zebedayo "kura yetu" kila alipopita.

Hapa ndipo nakala zenu zinaruka.

Zebedayo hakujiandikisha. Jumamosi moja ya Februari 1958 alikwenda Same kwa baiskeli, na cheti cha darasa la nane mfukoni. Alipofika mlangoni pa ofisi ya kuandikisha alimwona ndani msaidizi wa meneja wa shamba, Mzungu, naye amekuja kujiandikisha. Yule bwana akainua kichwa, akamwuliza, "Karani, na wewe?" Hakusema neno zaidi. Hakutisha, hakukunja uso. Zebedayo akaiona nyumba yake ya bati inayokwenda na kazi, akaona dirisha lake limekaliwa na mwingine. Akajibu, "Hapana, bwana. Nilikuwa napita kwenda posta." Akaenda posta kweli, akasimama humo bila barua. Aliporudi kambini alimwambia kaka yake amejiandikisha.

Septemba ikafika, na siku ya kupiga kura Hezroni aliamka kumfutia viatu. Alivifuta yeye mwenyewe, kwa mafuta na kitambaa, na mikono ile. Wakataji wakamsindikiza Zebedayo mpaka barabarani. Huko Same, Zebedayo aliketi katika hoteli ya chai ya Omari, nyuma ya soko, tangu saa nne asubuhi mpaka saa tisa. Alikunywa chai, kikombe baada ya kikombe. Njiani kurudi akayapanga aliyoyasikia kwa wengine, jinsi sanduku lilivyo, jinsi mtu anavyochagua wagombea watatu, mmoja wa kila rangi, na jinsi karatasi inavyokunjwa.

Kambini walikuwa wamechinja jogoo. Hezroni alimketisha kwenye kiti kimoja kilichokuwepo.

"Ulipiga zote tatu? Mwafrika, Mwasia na Mzungu?"

"Zote, kaka."

"Ulibonyeza sana ile penseli?"

"Nilibonyeza."

"Haikukatika?"

"Haikukatika, kaka."

Wanaume wakashangilia kama wametoka huko wao. Firigisi, ambayo kwa desturi hupewa mkubwa wa pale, Hezroni aliichukua kwa vidole vyake akampa Zebedayo. Naye akaila.

Chama kilishinda bila yeye, na kwa muda mrefu Zebedayo alijifariji kwa hilo. Lakini kaka yake hakumtuma kwenda kushinda. Alimtuma kubonyeza penseli kwa niaba ya watu walioinama miaka thelathini juu ya miiba, mmoja wao kwa ajili yake.

Marehemu aliacha kazi Novemba 1959, kifua kikiwa kimeanza kumsumbua. Aliposikia kwamba sasa anayejua kusoma na kuandika Kiswahili ataruhusiwa kupiga kura, alimwambia binti yake Esta, mwenye miaka kumi na minne, amfundishe. Walikuwa wakikaa jikoni, mzee anaandika kwa mkaa, mtoto anamkosoa. Mwaka 1960 alikwenda kujiandikisha mwenyewe, akaandika jina lake lote polepole, karani akimngoja kwa heshima. Ikatokea kwamba huku kwetu mgombea amepita bila kupingwa, na kura haikupigwa. Hezroni alikunja kadi yake akaiweka katika kopo la bati, pamoja na kipande chake cha mwisho.

"Basi ile ya mwaka hamsini na nane ndiyo yangu ya pekee," alimwambia Zebedayo, akamtazama. "Ulibonyeza, eh?"

"Nilibonyeza, kaka."

Machi mwaka huu alilazwa hospitali ya misheni, akatibiwa kwa uangalifu, na Aprili akaomba arudi nyumbani. Jumamosi tarehe 6 Mei, juma lilelile tulipopata madaraka ya ndani, Mbaraka alipanda kumwona. Hezroni akamwuliza, pumzi zikikatika, "Na mtu wa panga, fundi?" Mbaraka akasema, "Bado, mzee wangu. Ndiyo kwanza tunaanza." Marehemu akatabasamu. "Nitakuuliza tena." Mbaraka alipotoka, alimgeukia Zebedayo na kumwuliza lile lake la penseli. Zebedayo akajibu kama siku zote. "Haya," akasema marehemu, akageuza uso ukutani. Aliaga dunia alfajiri ya Jumapili, tarehe 14 Mei, mkewe akiwa amemshika mkono.

Jana alasiri Zebedayo alimsomea shemeji yake wasifu huu ili asahihishe tarehe. Eliwaza alikuwa akichambua maharage ya kuwapikia ninyi wageni. Walipofika kwenye maneno "alimkabidhi mdogo wake kura yake, naye akaipiga", aliacha kuchambua.

"Hapo futa, shemeji."

"Kwa nini?"

"Omari wa hoteli alimwambia kaka yako juma lilelile la kura. Alimwuliza tu kwa wema, mdogo wako alikuwa mgonjwa? Alikaa kwangu kutwa nzima, uso umemshuka."

Zebedayo alikaa chini palepale, kwenye maganda. Akauliza, "Mbona hakuniambia? Miaka hii yote ananiuliza, nami najibu?"

"Nilimwambia akuulize wazi, yaishe. Akakataa. Akasema, 'Mwache. Nitakuwa namwuliza. Siku moja atasema mwenyewe.'"

Maneno yale yamefutwa. Kwa wakataji mlioko hapa, mliochinja jogoo: Zebedayo Mgonja hakupiga kura yenu. Hakuzuiwa na mtu. Aliogopa, kisha akadanganya, kisha akala firigisi.

Marehemu ameacha mjane, Eliwaza, watoto watatu, Susana, Esta na Lukasi, wajukuu wawili, shangazi yake Justa, wenzake wa kambini, ambao aliwahesabu kuwa ndugu, swali lake kwa Mbaraka, ambalo sasa litaulizwa na Esta, maana ameomba aachiwe, na mdogo mmoja, aliyengojwa miaka miwili na miezi minane aseme neno moja, akalisema leo, amechelewa siku mbili.

Mungu ailaze mikono yake, ambayo haikuwahi kulala. Kaka Hezroni apumzike kwa amani.