Alama ya Chaki ya Mjukuu Wangu Felista

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Na atakayeona uzito kuitikia akishasikia ninachosema, akae na amina yake, nitaisubiri. Mimi ni babu yake Felista, wa Katindiuka, yule mzee wa ugoro. Nimeandika kwenye daftari kwa sababu nikisimama mnanikatiza, mnasema mzee anazunguka sana. Shule niliishia darasa la pili, lakini kuandika naweza, na leo nitazunguka mpaka nichoke.

Mnanidai ushuhuda. Kila Jumapili mzee wa kanisa Damiani ananiuliza, "Mzee mwenzangu, lini unasimama useme pepo limetoka?" Ndugu zangu, sitasema hivyo. Hakukuwa na pepo. Nina ushuhuda mwingine, na naona ni mkubwa kuliko huo.

Felista nimemlea tangu ana miaka tisa. Binti yangu, mama yake, alikuwa anavuka naye kwa mtumbwi kutoka shamba la mpunga, mto umejaa, mtumbwi ukapinduka. Mtoto akaokolewa, mama akaenda na maji. Hilo mnalijua, mlikuja kwenye matanga. Msilolijua ni kwamba mtoto hakulia. Tukasema, huyu Mungu kampa moyo mgumu. Tukafurahi, wajinga sisi.

Alipofika kidato cha pili akaanza kuondoka. Siyo kwa miguu. Mwili upo, macho yako wazi, mwenyewe hayupo. Unamtuma sokoni, anarudi na kikapu kitupu, hajui alikuwa wapi. Mboga anaitia chumvi mara tatu kwa sababu hakumbuki ile ya kwanza. Siku nyingine anaongea kwa sauti ya mtoto mdogo, ananiuliza, "Wewe babu ni nani?" Mwalimu wake akaniita shuleni: "Mzee, jana huyu kafanya hesabu zote ubaoni. Leo anasema hajawahi kuziona. Ananichezea?" Wenzake wakampa jina, Netiweki, maana inakamata halafu inapotea.

Nikamleta hapa. Mara tatu tulimwombea, na nitasema yote. Watu wanne tulimshika mikono na miguu, wengine wamemzunguka wanapiga kelele, na kadiri kelele zilivyozidi ndivyo naye alivyozidi kwenda mbali. Mara ya tatu mkono wa kushoto niliushika mimi. Mikono hii imekaza boliti za reli miaka mingi, mnajua inavyokaba.

Tulipofika nyumbani akili zikamrudia. Akautazama mkono wake ulivyovimba, akauliza, "Babu, nani alinishika?"

Nikasema, "Sijui, mama."

Ndugu zangu, nimewahi kulewa siku ya Ijumaa Kuu, na zipo boliti za reli nilizoiba, zimelala chini ya kitanda changu. Lakini dhambi iliyoninyima usingizi ni hilo neno "sijui".

Kulipokucha nikasimamisha bodaboda, tukapanda mshikaki, yeye katikati, mpaka hospitali.

Daktari alikuwa mama wa makamo, na hakupiga kelele. Akamtajia Felista maneno, embe, jembe, kikombe na mengine, ayarudie. Akampa michoro aifuatishe. Siku ya kwanza alishika maneno mawili tu. Juma la tatu, akiwa ametulia, aliyashika yote, akaongeza na ya juma lililopita, ambayo mimi nilikuwa nimeshayasahau. Daktari akaniambia, "Mzee, akili anazo. Akiogopa zinajifunga, na kinachotokea wakati huo hakiingii. Si mjinga, na hajifanyi."

Siku moja ndipo mtoto akasema habari za mtoni. Kwamba watu wa ukingoni walimshika mikono asirudi majini kwa mama yake, na wote walikuwa wanapiga kelele. Mnasikia, ndugu zangu? Mikono kushikwa, na kelele. Kila tulipomwombea tulikuwa tunamrudisha mtoni.

Nikalia palepale kwa daktari. Nikasema, "Felista, aliyekushika ni mimi."

Akacheka kidogo. "Najua, babu. Nilisikia harufu ya ugoro kwenye mkono uliovimba. Ndiyo iliyonirudisha."

Basi nikaanza kujiona, nikasema nitampa kopo zima. Daktari akasema ugoro si dawa, mzee, ila harufu anayoijua inasaidia, abebe hata ndimu mfukoni. Anabeba mpaka leo.

Sasa nizunguke. Zamani Mlimba nilikuwa kibarua wa reli. Tulikuwa tunakaza boliti, taruma kwa taruma, ile mihimili inayolaliwa na reli, na jua likizama unachora mstari wa chaki kwenye taruma la mwisho. Kesho linakuja genge lingine, halijui nani alikuwepo, halihitaji kujua. Mnyapara wetu alikuwa anasema, "Usiniulize alikaza nani. Anzia kwenye chaki." Mimi siku moja nilisahau kuchora, tukarudia kipande kizima, watu wakanitukania mama yangu aliyekwisha kufa.

Nikamnunulia Felista chaki. Nikamwambia, mama, ukitia chumvi, chora mstari kwenye jiwe la jiko. Ukimaliza hesabu moja, weka alama. Ukiondoka na kurudi, usijisumbue kujiuliza ulikwenda wapi. Anzia kwenye chaki. Daktari alipoona akasema hilo ni zuri, akamwongezea daftari la kuandika siku yake.

Ulipokaribia mtihani wa kidato cha nne, mzee Damiani akaja na wenzake nyumbani. Wanataka kumpeleka mlimani kwa maombi siku saba, afungwe asitoroke. Nikakaa mlangoni.

"Mzee, unamnyima mtoto uponyaji."

"Namnyima kamba."

"Unashindana na Mungu."

"Nashindana na wewe, Damiani. Mungu hajaniambia ameleta kamba."

Wakaondoka wamenuna. Felista akaenda kwenye mtihani. Kwenye hesabu akapotea katikati, alinisimulia mwenyewe. Aliporudi hakujua yuko wapi. Akainusa ndimu, akaangalia karatasi, akakuta mstari wa penseli kwenye swali la sita. Akaanza la saba. Amepata daraja la nne. Wengine mlicheka. Mimi nilichinja jogoo.

Sasa anajifunza ushonaji pale Mlabani, chaki haimtoki mkononi. Juzi ameondoka kidogo akiwa kwenye cherehani, akarudi, akaona mstari, akaendelea na mshono. Kama mnataka niseme ameacha kuondoka, sitasema, ni uongo. Ninasema anarudi, na akirudi anajua pa kuanzia. Huko anakokwenda Mungu hamwachi. Mimi ndiye niliyefunguliwa, kwenye mikono yangu na kwenye ile "sijui", na ninamshukuru Bwana mbele yenu.

Felista amekaa benchi la nyuma, karibu na mlango. Asishikwe. Msalimieni, ataitikia. Na wewe uliye na mtoto wa namna hii umemfungia chumbani, mfungulie leo, nitakusindikiza hospitali mimi mwenyewe. Mwamini Mungu, na mwamini mtoto akikuambia hakumbuki.

Nimefika hapa. Nimechora mstari. Mwenye ushuhuda wake aanzie hapo.