Karatasi ya Mfua Nguo

Bibi alikuwa akisinzia kwenye treni, hadi mwalimu wa watu wazima aliyekaa mbele yake aliposema, "Niliwaambia wanafunzi wangu walete karatasi za nyumbani, tujifunzie kusoma kwa hizo. Mfua nguo mmoja akaleta yenye alama ya dole gumba lake. Mumewe alimwambia ni ya kuunganishiwa maji. Kumbe ni ya kuuza nyumba!"

"Makubwa haya!" Jirani wa mwalimu huyo kitini, mwalimu mstaafu, alishika mdomo. Bibi naye akashika wake, ingawa hakuna aliyemkaribisha.

"Sasa anaisoma, maneno mawili kwa siku, na kila neno wenzake wanampigia makofi."

"Mnyang'anye karatasi hiyo, mwanangu! Mpe kitabu cha paka na kuku, kama tulivyofundisha sisi."

"Paka atamrudishia nyumba?"

"Basi msomee wewe, yaishe."

"Hata mumewe alimsomea, mama."

Treni ikapunguza mwendo, mwalimu akainuka na mkoba wake. Bibi uzalendo ukamshinda. "Leo amefikia neno gani?"

"Leo tunafika penye 'nyumba', bibi. Hilo hatalikosa. Ndilo la kwanza nililomfundisha."

Treni ikasimama, naye akashuka.