Gaël Asiniwekee Mkono Kichwani

Ninyi watu hamna huruma hata kidogo. Kwani mtu hawezi kufa bila kuhojiwa? Nimesema sitaki Gaël aniwekee mkono kichwani na kuniombea, nimelisema mara moja, na badala ya kuniacha nilale mmevuta viti mkanizunguka kama maofisa wa wakimbizi: wewe Denise binti yangu unalia kabla ya wakati wake, Chris unachezea simu, na Héritière mjukuu wangu unaniuliza, "Koko, kwani Gaël amekukosea nini?" Hajanikosea mimi. Nilitaka kulizika pamoja nami jambo hili, lakini mnanilazimisha, kwa sababu Jumapili mnataka kumsimamisha kanisani awe mchungaji, na Denise umeshamshonea na koti. Haya, kaeni. Chris, weka hiyo simu kabatini, na usiniambie "eish, Koko" kama hunielewi; Kiswahili unakisikia vizuri sana wakati wa chakula.

Nitaanza na vitu, maana ndivyo mtakavyogombania. Cherehani ni ya Denise. Ndiyo, ni yako, ingawa ulichukua vitenge vyangu nilivyotoka navyo kwetu Uvira ukaviuza, ukaniambia vimeibwa kwenye kamba, na mimi nilijua siku ileile, nikanyamaza kwa sababu Chris alikuwa mchanga na maziwa hayakuwepo. Nimelibeba miaka yote, leo nalitua, usinijibu. Sufuria zote ni za Héritière, kwa kuwa ndiye peke yake anayeziosha. Kitanda atachukua Chris, mkishakianika juani. Na maboksi yaliyo chini ya kitanda ni vitabu vya Gaël, vile vya Wacheki, alivyoniomba nivichome nikakataa, si kwa kuvipenda, maana kusoma sijui, bali kwa sababu makaratasi mengi namna ile yakiwashwa kwenye hii balkoni tungeteketeza mtaa huu wa Berea mzima. Msiviuze. Vikae vimngoje mwenyewe.

Sasa Gaël. Wewe baki hapo hapo mlangoni, usitoke. Umeshindwa kuwaambia, nami sina muda wa kukungoja.

Mnakumbuka huyu mtoto wa marehemu mwanangu alivyopata nafasi chuo kikuu pale Braamfontein, wewe Denise shangazi yake ukitaka asomee uuguzi, yeye akasomea falsafa, ukafunga siku nzima kama kuna msiba. Mimi sikufunga, niliuliza. Nilimuuliza watu hao wa falsafa wanatengeneza nini. Akacheka, akasema hawatengenezi kitu, Koko, wanauliza. Wanauliza nini? Wanauliza mtu akipoteza kila kitu alichokuwa na hakika nacho anabaki na nini. Nikamwambia anabaki na njaa, kama hujui waulize watu wa Uvira. Alipenda jibu lile, akalipeleka mpaka kwa mwalimu wake, na nikawa sipumui: kila jioni ananifuata jikoni ananieleza habari za Wacheki wake.

Nitawaambia nilivyoelewa, msinicheke. Huko Ucheki, nchi ya baridi katikati ya Ulaya, kulikuwa na serikali iliyowafukuza vyuoni walimu wa falsafa, wengine wakawa wachochea moto wa maboila, kuwapashia watu maji, na wale waliofukuzwa wakaendelea kufundisha majumbani mwa watu, mapazia yamefungwa, wanafunzi wamekaa sakafuni, polisi wako chini mtaani wanahesabu nani kaingia. Mmoja wao alikuwa mzee, mgonjwa kama mimi, alitia sahihi yake kwenye karatasi ya kuikumbusha serikali ahadi zake yenyewe, polisi wakamwita, wakamhoji na kumhoji mpaka mshipa ukapasuka kichwani akafa. Siku ya kumzika wakarusha helikopta juu ya makaburi na kungurumisha pikipiki ili maneno ya mazishi yasisikike. Hapo niliacha kumenya viazi. Nikasema, serikali hiyo ilikuwa inaogopa maiti.

Na mzee huyo alifundisha nini cha kuuliwa? Gaël alisema alifundisha kwamba kufikiri si kujua mambo mengi. Kufikiri ni pale ardhi uliyosimama juu yake inapotikisika na wewe usikimbilie kukalia kiti kingine upesi upesi, ukubali kusimama hapo bila kitu. Na kwamba roho si kitu ulichozaliwa nacho kikatulia humo ndani kama figo. Roho ni kazi, unaifanya kila siku kama kufagia, na ukiacha kufagia, ukaanza kujidanganya, basi huna. Nikamwambia hayo yana akili. Na sisi tumetikiswa tangu kule kwetu, tukatikiswa njiani, tukatikiswa hapa, hatukujua tu kwamba kuna chuo kinachotoa shahada yake.

Basi akataka na yeye awe na masomo ya nyumbani, humu humu, Jumapili mchana, ninyi mkiwa bado kanisani. Lakini jengo hili mwenyewe hasa hatumjui, tunamjua msimamizi na vijana wake wenye fimbo, na msimamizi amekataza mikutano tangu wapangaji walipokutana kulalamikia maji. Anachoruhusu ni maombi, kwa kuwa mama yake mzazi ni mtu wa maombi. Gaël akasema, basi tutaiita maombi. Wakawa wanakuja Lambert mlinzi, mwenye ile sauti nzito, na Bijou msusi, na wanafunzi wawili wenyeji wa hapa, Wazulu, vitambulisho vyao mfukoni. Wanafungua mlango, wanaimba nyimbo mbili za kanisa kwa kelele, wanapiga makofi, halafu wanafunga mlango na kuanza kuuliza maswali yao, Kifaransa, Kiswahili, Kiingereza, vyote sufuria moja. Bijou aliuliza siku moja kwa nini wateja wake wanamwambia siri wasizowaambia waume zao, wakalijadili mpaka chai ikapoa. Yalikuwa mazungumzo mazuri, sikatai. Gaël akifurahi ananinong'oneza, "Kama Praha, Koko," ndio mji wa hao Wacheki wake. Nikamuuliza, huko Praha walikuwa wanasingizia wanasali? Akafikiri kidogo. Akasema hapana, lakini hali zetu ni tofauti.

Jumapili ile wameshafunga mlango, ukagongwa. Alikuwa Emérite wa ghorofa ya chini, yule Mrundi, amembeba mtoto wake Chloé, msichana wa miaka mitatu aliyekuwa anakuja kuniomba maandazi. Mtoto alikuwa anapumua kwa tumbo, mbavu zinaingia ndani kila akivuta hewa. Mimi niko jikoni kwenye kiti changu, miguu imevimba kama mnavyoiona, kisu mkononi. Nilisema, "Mama Chloé, huyo mkimbize hospitali sasa hivi." Akanijibu, "Koko, nimetoka huko." Alikuwa ametoka kliniki, wale wenyeji wanaosimama langoni kudai vitambulisho na kuzuia wageni wakamrudisha na mtoto mgongoni, wakamwambia akatibiwe kwao. Ndipo akakumbuka kwamba huku juu kuna watu wanaoomba kila Jumapili. Akapita, akapiga magoti mbele ya Gaël, akamwinua mtoto.

Na nyuma yake mlangoni alikuwa amesimama kijana wa msimamizi na fimbo yake, kwa sababu siku hiyo nyimbo zilikwisha mapema mno, akaja kuangalia ni maombi gani haya yasiyo na sauti.

Gaël alikuwa na neno moja la kusema. Angesema, mama, hapa hatuombi, hapa tunaongea tu, twende hospitali kubwa sote. Lambert ana kifua cha kupasua umati, na wale Wazulu wawili wangembeba mtoto wakasema ni wao, nani angewauliza? Lakini akimwambia Emérite ukweli anamwambia na kijana yule, na masomo yamekwisha, pengine na flati imekwenda, na bibi mwenye miguu mibovu yuko barabarani. Alifikiria hayo yote, nilimwona akiyafikiria, macho yalikuja kwangu jikoni yakaenda kwenye ile fimbo. Halafu akaweka mkono juu ya kichwa cha mtoto, akafumba macho, akawa anachezesha midomo. Muda mrefu. Bijou akaanza kulia, akidhani labda ni kweli. Alipomaliza akasema, "Nenda, mama. Atalala vizuri."

Kijana wa fimbo akaenda zake ameridhika. Emérite akashuka. Mimi nilimwita Gaël, nikamwita tena, hakuja. Alikuwa amekaa anaangalia kiganja chake. Nilijaribu kusimama nikashika meza, meza ikasogea. Hiyo ndiyo nguvu niliyokuwa nayo siku ile, ya kusogeza meza.

Chloé alikufa jua likiwa bado dirishani.

Héritière, usilie, niache nimalize. Mengine mnayajua: Emérite akaanza kushuhudia kanisani na sokoni kwamba mwanawe alikwenda kwa amani, kwamba baada ya mkono wa Gaël pumzi ililegea, mtoto akanyamaza. Ililegea kwa sababu ilikuwa inakwisha. Watu wakaanza kuja hapa na wagonjwa wao. Gaël akawa anatorokea dirisha la ngazini kuwakimbia, ninyi mkasema ni unyenyekevu, ni upako huo. Denise ukaenda kupima koti.

Nipe maji. Kidogo. Basi.

Maagizo nitayatoa sasa, maana lililobaki litanimalizia pumzi. Msinisafirishe. Uvira hakuna aliyebaki wa kunipokea, nizikeni hapa hapa. Koti lile, Denise, ulifumue, kitambaa kizuri, mshonee Chris suruali. Jumapili Gaël hatasimama mahali popote mbele ya mtu yeyote. Mkimlazimisha nitakuwa nimekufa na radhi yangu mkononi, sikuwaachia. Na mimi hataniombea, kwa sababu akiniwekea mkono itabidi adanganye tena, na kichwa changu hakitakuwa cha pili. Akae hapo miguuni. Aishike hii miguu, inauma. Asiseme neno asilolijua.

Na haya niliyosema yasitoke humu ndani. Emérite bado yuko hapo chini. Mkimfikishia, mmemzika mtoto wake upya.

Mungu awatunze, kama anawasikia watu wa jengo hili. Denise, nimekuachia radhi. Héritière. Chris, na wewe, hata kama hujaelewa nusu. Gaël... wewe pia. Wewe kwanza.

La mwisho sasa. Sogeeni, sauti inakwenda.

Mtoto alipokwisha kuzikwa alishindwa kula, huyu. Akaniambia, Koko, lazima nimwambie. Nikasema kamwambie, ndivyo Wacheki wako walivyokufundisha. Alinishika mkono tukashuka, lifti imekufa, mimi hatua moja na kupumzika. Emérite alikuwa anakunja nguo za Chloé, alikuwa bado anazifua zikiwa safi. Gaël akamwambia yote. Nyimbo za uongo, kijana mlangoni, masomo. Akasema, "Mama Chloé, sikuomba. Nilichezesha midomo tu."

Nilitaka ampige. Hakumpiga. Alilikunja gauni moja la mtoto mpaka likawa dogo kama leso. Akasema, "Uliomba. Siku ile kliniki walinifungia. Mlango uliofunguka ni wenu peke yake. Unataka uje uniambie hata huo ulikuwa umefungwa? Nani amekuruhusu?"

Gaël akasema, "Mama, huo ndio ukweli."

"Ukweli ni wako, panda nao huko juu. Mtoto ni wangu. Uliomba. Na kila nitakapokuuliza, utaniambia uliomba."

Tukapanda. Hatua moja na kupumzika, mpaka juu.

Kesho yake akaenda Braamfontein, akamwambia mwalimu wake ile kazi ya kumalizia chuo hataiandika.

Na Mama Chloé humngoja. Asubuhi, kwenye ngazi, mbele za watu wanaokwenda kazini. Humuuliza, "Gaël, uliomba?" Naye husimama... haangalii pembeni, humwangalia machoni... husema, "Niliomba, mama." Kila asubuhi. Leo pia, nimemsikia.